Kanga Juu ya Mkono wa Mwalimu

Hapa Wete ukitaka kuzusha ubishi barazani bila kugusa siasa wala mpira, mtaje Mwalimu. Nusu ya watu watakwambia alikuwa mpiga picha hodari wa harusi za wanawake, mstaafu wa serikali, mtu wa swala na adabu. Nusu nyingine watashusha sauti, watatazama huku na huku, kisha watakwambia kwamba yule bibi alikuwa na kalamu. Watasema "kalamu" tu, na wote waliopo watatikisa kichwa. Mimi nilipanga chumba kimoja naye, ukuta wa mbao katikati, yeye na kompyuta yake upande ule, mimi na cherehani yangu upande huu. Tangu aondoke kisiwani nimekuwa nikiwasikiliza na kunyamaza, na sasa nimechoka kunyamaza. Nimeamua kumtetea, ingawa najua nitashindwa, maana hata yeye mwenyewe alijitetea mpaka sauti ikamkauka.

Jina lake silitaji kwa sababu hakuna aliyekuwa akilitumia. Alinifundisha ushoni nilipokuwa msichana wa skuli, na tangu hapo mpaka tulipokuwa wapangaji wenza alibaki kuwa Mwalimu. Mimi aliniita Fundi. Nikikosea aliniita "mtoto wa darasa langu", kwa sauti ya mtu anayetaja hasara yake. Jina hilo la ualimu alilipenda kuliko mali. Kutukanwa alivumilia, kudhulumiwa alivumilia, lakini mtu akimwita mganga, hata kwa mzaha, siku hiyo chai yake hainyweki.

Mlango wa studio ulikuwa na pazia nene na kibandiko kilichoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni: WANAUME WAGONGE. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya biashara. Huku kwetu bi harusi hupambwa, hupakwa hina na piko, hufunuliwa nywele, na picha zake za namna hiyo si za kupita mikononi mwa vijana wa kiume. Mama wa bi harusi alitaka mwanamke apige, mwanamke huyo huyo azirekebishe, kisha mwanamke huyo huyo afunge mdomo. Mwalimu aliyaweza yote matatu. Nimekaa naye ukuta mmoja na mpaka leo sijui ni bi harusi gani aliyekuwa na pengo.

Alikuwa na sheria zake. Kipele alikitoa bila kuuliza. Kovu aliuliza kwanza, na akikwambia libaki, ujue litabaki. Rangi ya ngozi hakuigusa kabisa.

"Kipele mgeni huyo," alikuwa akisema, "kesho kenda zake. Rangi ndiyo mwenye nyumba."

Ukimng'ang'ania akuweupishe alikukubalia kwa upole wote, "Ewallah, mwanangu," kisha akautia kiza ukuta wa nyuma yako mpaka uso ukaonekana umeng'ara. Ulilipa, ukashukuru, ukaondoka na rangi yako ile ile.

Zamani alifanya kazi hiyo kwa mausi ya kompyuta, na hao wawili hawakupatana hata siku moja. Kuchora kwa mausi, alisema, ni kama kusuka ukili kwa kiwiko. Nilikuwa nikimsikia upande wa pili wa mbao akiifokea: "Nimesema kushoto. Kushoto! Huna masikio?" Wateja waliokaa kwangu kupimwa magauni walidhani ana mwanafunzi mle ndani. Akitaka kufuata ukingo wa ushungi wa bi harusi, mstari ulitoka na ngazi ngazi. Akitaka kulainisha shavu, lilitoka na baka. Jioni alikuja kwangu ananyoosha kifundo cha mkono, nami namsugulia kwa mafuta ya karafuu huku ananieleza makosa ya mausi kama anayeandika ripoti ya mwisho wa muhula.

Ndipo mtoto wa kaka yake alipokuja kutembea kutoka Maskati na kumletea kibao. Kilikuwa cheusi, bapa, ukubwa wa kibao cha chuoni tulichokuwa tukiandikia alifu, na kalamu yake haikuwa na wino. Unachora juu ya kibao, mchoro unatokea kwenye kioo cha kompyuta. Yule binti akamkalisha shangazi yake na kumpa somo moja tu.

"Shangazi, usitazame mkono. Tazama kioo."

Lo! Mwanamke huyu maisha yake yote alikuwa akituchapa rula kwa sababu hatukutazama mkono. Sasa aambiwe asiutazame wake? Alijaribu, macho yakateremka. Akajikemea, yakateremka tena. Mwisho akafanya jambo ambalo ni yeye tu angelifikiria: akachukua kanga, akaufunika mkono, kalamu na kibao, vyote pamoja. Macho yakakosa cha kutazama huko chini, yakabaki kwenye kioo. Akazoea, akawa hodari, lakini kanga haikutoka tena. Alisema mkono wake umeshazoea stara.

Na kalamu ile akaipenda mapenzi ya uzeeni, yasiyoona haya. Mausi, aliniambia, haijui kama umekasirika. Umebonya au hukubonya, basi. Kalamu inaujua uzito wa mkono. Ukiigusa kwa upole mstari unakuwa mwembamba kama unywele, ukiikandamiza unakuwa mnene. Tatizo ni kwamba kalamu ilijua hata yale ambayo Mwalimu hakutaka yajulikane. Kuna wakati mwenye nyumba alimkera kuhusu bati linalovuja, na bi harusi wa wiki ile akatoka na nyusi nene nyeusi za kutisha watoto. Mama wa bi harusi akazifurahia mno. Wasichana waliofuata wakazitaka nyusi zile zile, na Mwalimu ikabidi kila akianza kazi amfikirie kwanza mwenye nyumba.

Sasa jiweke katika nafasi ya mteja. Unafunua pazia, moshi wa udi unakupokea, kwa sababu mabibi harusi hawataki studio inayonuka rangi ya printa. Unamkuta bibi amekaa wima, macho yamekazia mbele, hapepesi. Mkono wa kulia umo chini ya kanga na unatembea humo chini, kitu kinasogea usichokiona. Midomo inasema "Bismillahi, Bismillahi", maana hakuanza mstari wowote bila hiyo. Na pale kwenye kioo, kipele cha shavuni kwako kinayeyuka hivi hivi unakitazama.

Sisi hapa kalamu ya namna hiyo tunaijua. Mtu akiumwa, shehe humwandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa. Watu waliolelewa na kalamu ile na sahani ile, wakaona kalamu isiyo na wino juu ya kitu cheusi kilichofunikwa kanga, walifikiri walivyofikiri. Haukupita muda kibao kikapata jina mjini. Kikaitwa sahani nyeusi.

Halafu yeye mwenyewe akawasaidia. Ncha ya kalamu ni kijiti cha plastiki, na kwa jinsi alivyokandamiza, kama anayeandika ubaoni kwa chaki, ziliisha upesi, na za kununua hazipatikani hapa. Akagundua kwamba mshipi mnene wa kuvulia papa, ukikatwa kipande kidogo na kusuguliwa kwa msasa, unaingia pale kwenye ncha na kufanya kazi vizuri. Basi akaagiza kwa watu wa Kojani, ambao bahari ndiyo konde lao. Bibi msomi, mwenye kalamu na sahani nyeusi, anaagiza mshipi wa papa, tena uliokwisha kutumika kwa kuwa ni laini zaidi. Niambie, ungekuwa wewe ungesemaje?

Aliyemletea mshipi ni bibi mmoja wa Kojani, mke wa mvuvi, mfupi, mwenye sauti ya kuitia mtu wa ng'ambo ya pili. Aliutoa mshipi kwenye mkoba akaukabidhi kwa mikono miwili.

"Mshipi wako huu, Mwalimu. Bwana kanambia wa nini, n'kamwambia wa dawa."

"Si wa dawa, dada yangu. Wa kalamu."

"Haya, wa kalamu," akasema, na akanikonyeza mimi niliyekuwa nimeegemea mlangoni, kana kwamba sote watatu tumeelewana.

Kisha akatoa simu na kuonyesha picha ya Idi. Mume katikati juu ya mkeka wa rangi, yeye kulia, na kushoto mwanamke mdogo mwenye meno mazuri kuliko ilivyostahili.

"Mtoe huyu."

"Ni nani?"

"Nke mwenzangu."

Mwalimu akavua miwani. "Mimi sifuti mtu."

"Basi mfunike. Si una kanga?"

Nilikuwa na hakika atamfukuza. Huyu ndiye aliyekuwa akitufumulisha shati zima kwa mshono mmoja uliodanganya. Lakini niliona macho yake yanahama kutoka kwa yule mwanamke kwenda kwenye mkeka alioukalia. Ulikuwa mkeka wa kazi, ukili wa zambarau na kijani umepishana na mweupe. Kumfunika mwanamke yule ilikuwa lazima kuusuka upya mkeka wote alioukalia, jani kwa jani, na ukuta wa nyuma yake. Kwa mausi isingewezekana maishani.

"Nilitaka kuona kama naweza," aliniambia baadaye, na hilo ndilo neno pekee la utetezi nililowahi kulisikia juu ya picha ile.

Aliweza. Alisuka mpaka adhana ya adhuhuri, na alipomaliza hata mimi niliyeiona picha ya mwanzo nilitafuta alipokuwa yule mwanamke nisimwone. Bibi wa Kojani akaibusu picha yake mpya, akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka. Haukupita muda tukasikia kwamba yule mke mdogo amefunga mizigo yake na kurudi kwao kisiwani Fundo.

Basi tena. Mji mzima ukajua kwamba Mwalimu akikutoa kwenye picha, huna kwako. Foleni ikatoka mlangoni ikapita mbele ya cherehani yangu. Mmoja alileta picha ya mkuu wake wa kazi: "Asife, Mwalimu. Ahamishwe tu Chake Chake." Mwingine alileta ya wifi yake, akataka atolewe nusu, mdomo tu. Kijana mmoja aligonga, kama kibandiko kilivyoagiza, akaomba awekwe ubavuni mwa msichana fulani kwenye picha ya harusi ya watu. "We niweke tu," akasema, "mie nitangoja." Mwalimu akamwuliza kama baba wa msichana anaijua habari hiyo, kijana akaondoka bila kuaga.

Aliwaeleza wote. Aliwaeleza kwa kistaarabu, aliwaeleza kwa ukali, aliwaeleza kwa kuchora ubaoni. Ni kompyuta, jamani. Lakini mganga wa kweli, kila mtu anajua, hasemi kuwa yeye ni mganga. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuaminiwa waliomsema, na angekubali pia wangemwamini. Usiku alikuwa hali chakula vizuri. Aliniuliza siku moja, huku anakunja kanga yake, kama nadhani wanafunzi wake wa zamani nao wanaamini. Nilimwambia hapana, nikijua kwamba wawili kati yao walikuwa kwenye foleni asubuhi ile.

Mwishowe shehe wa msikiti wa mtaani akaja kuuliza kwa heshima kuna nini. Aligonga. Mwalimu akamkaribisha, akamkalisha mbele ya kioo, akamwekea kalamu mkononi.

"Andika, Shehe."

Shehe akaandika Bismillahi. Mwandiko wake ni mzuri, na kalamu iliyoujua uzito wa mkono ikautoa kwenye kioo vile vile, mnene panapotaka unene, mwembamba panapotaka wembamba. Akacheka kama mtoto. Akaandika tena, akaomba rangi ya kijani, akaomba ya dhahabu. Nilimletea kahawa, ikapoa. Alipotoka aliwatangazia waliokuwa nje kwamba ameikagua, ni kalamu tu, haina neno. Watu wakatazamana kwa huzuni. Ilithibitika kwamba hata shehe keshafungwa.

Tuliendelea hivyo mpaka bibi wa Kojani aliporudi. Hakuwa na sauti ile ya kuitia ng'ambo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka miguuni pake pweza mkavu kwenye mfuko.

"Unaumwa?" Mwalimu akamwuliza.

"Mwalimu, mrudishe."

"Nani?"

"Yule. Weye ndo uliyemtoa."

Ndipo tulipopata habari kamili. Ile picha mpya aliitundika sebuleni, juu ya mlango, pahala pa kila mtu kuiona. Mke mdogo akarudi kutoka kisimani, akainua macho, akauona mkeka umesukwa pahala alipokuwa amekaa.

"Hakunambia neno," bibi akasema. "Kaitazama, katua ndoo, kafunga kanga zake. N'kafurahi, Mwalimu, wallahi n'likwenda kulala na furaha. Asubuhi n'kaamka nyumba ziii. Bwana hasemi. Kazi si kitu, kazi mie naiweza. Lakini akikoroma sasa n'na nani wa kumcheka naye? Tulikuwa tukimcheka sote wawili, twafinyana gizani. Siku moja tulicheka mpaka kaamka, tukamwambia ni paka."

Akafuta macho kwa ncha ya buibui. Mwalimu aliweka kalamu chini. Nilimwona uso ukimbadilika, maana miezi yote ile alikuwa akiwaapia watu kwamba kalamu yake haiwezi kumwondoa mtu nyumbani kwake, kumbe ilimwondoa. Si kwa uganga. Ilimwondoa kwa sababu mkeka ulisukwa vizuri mno.

Nilimvuta mkono nikamnong'oneza. "Mwalimu, mkatalie. Ukimrudisha yule mdogo mbele ya macho ya huyu, jina lako ndiyo basi. Hakuna atakayekuita Mwalimu tena."

"Najua," akasema.

Akarudi kitini. Akaiondoa kanga juu ya mkono wake, mara ya kwanza mbele ya mteja, akamwonyesha kibao na kalamu na kidole chenye sugu. Akamweleza bibi kile alichonieleza mimi siku nyingi nyuma, kwamba picha ya mwanzo haiguswi. Kila anachokifanya anakitandika juu yake kama kanga. Alichosuka siku ile ni kanga yenye sura ya mkeka, na chini yake yule mwanamke alikuwa amekaa siku zote, hakwenda popote. Kisha akagusa kwa kalamu, kanga ikanyanyuka, na mke mdogo akatokea na meno yake yote.

Bibi akapiga kelele. "Karudi!"

"Hajarudi. Picha ndiyo iliyorudi." Mwalimu akakohoa kidogo, kama aliyekuwa akituanzia somo jipya. "Sasa sikiliza masharti."

Mkasi uliniponyoka. Masharti! Neno lenyewe la waganga, kwa mdomo wake mwenyewe.

"La kwanza, ile ya juu ya mlango uishushe leo. La pili, hii nitakayokupa uipeleke Fundo wewe mwenyewe, usimtume mtu. La tatu, usiende mikono mitupu, chukua halua. La nne ndilo kubwa. Ukifika, ukishamkabidhi, useme kwa mdomo wako: rudi."

"Nikimpa tu nikanyamaza?"

"Haifanyi kazi."

Bibi akayarudia masharti yote kwa sauti, kama anayehifadhi sura, akachukua picha yake akaenda. Nami nikasimama pale nimeshika kiuno.

"Masharti, Mwalimu? Wewe?"

"Ningemwambia nenda kamwombe radhi mke mwenzio, angekwenda?"

Nilifikiri watu wa Kojani ninaowajua, kisha nikawafikiria watu wa Wete, kisha nikajifikiria mwenyewe.

"Asingekwenda," nikasema.

"Haya basi. Niokotee mkasi wako usinikate."

Mke mdogo alirudi. Idi iliyofuata wakaja studio wote watatu, na walipokwisha kupigwa picha, mume akatolewa nje ya pazia kwa mujibu wa kibandiko. Wale wanawake wawili wakakisogelea kioo, wameshikana mikono, wanazuia kicheko.

"Mwalimu," mkubwa akasema, "huyu wa katikati, waweza kumfunika? Siku mbili tatu tu. Tupumue."

"Mkeka wa katikati mgumu," Mwalimu akajibu bila kugeuka. "Macho yangu yameshachoka na mikeka yenu."

Walicheka mpaka mume akachungulia, nao wakamwambia paka. Lakini hilo la macho halikuwa mzaha. Na jina lake ndiyo likawa limekwisha. Sasa mji ulijua kwamba anaondoa watu na anarudisha watu, na masharti anatoa. Hakukana tena. Alikuwa akisikia akaendelea na kazi, na chai yake siku hizo aliinywa mpaka mwisho.

Kitu kimoja sikuwahi kukielewa kwake, nacho ni jinsi alivyoikimbia kamera. Aliyetumia umri wake wa uzeeni kuwapamba wanawake wa kisiwa kizima hakuwa na picha yake hata moja ukutani. Yule binti wa Maskati alipokuja mara ya kwanza, alitupiga picha sisi wawili barazani tunachambua karafuu, tunatoa makonyo, wala hatuna habari. Nilimwomba Mwalimu anitolee nakala. Akanitolea. Nikajikuta nimekaa peke yangu na rundo la karafuu, kando yangu ukuta mtupu uliochorwa mpaka nyufa zake.

"Na wewe uko wapi?" nikamwuliza.

"Nimekupisha ukae vizuri."

Nilimnunia siku nzima, naye akaendelea na kazi yake huku anaimba qasida kwa pua. Picha ile nikaitundika hivyo hivyo juu ya cherehani. Wateja walipoiuliza, niliwaambia huyo wa kando yangu ni Mwalimu.

Jicho la kulia liliingia ukungu kwanza, likafuata la kushoto. Bi harusi wake wa mwisho alitoka na nyusi zisizolingana, na hakuna aliyethubutu kusema. Yule binti akaja tena, safari hii kumchukua kwenda Maskati kwa matibabu ya macho. Watu wanaokwenda huko kwa matibabu tunawajua. Jicho linapona, kisha kuna jamaa, kuna hewa ya baridi ndani ya nyumba, kuna wajukuu wa kulea, na barua inakuwa salamu, na salamu inakuwa sauti kwenye simu siku ya Idi. Niliumia sana. Nilimpenda yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumwambia, na kwangu mimi huzuni haijui kutoka ila kwa mlango wa hasira, kwa hiyo asubuhi ya safari nilikwenda kwake nimekasirika na kila mtu.

Nilimkuta amekaa kitandani, sanduku limekwisha kufungwa, binti yuko nje anangojea gari. Kompyuta ya studio ilikuwa imeletwa pale juu ya meza, na kando yake kibao, kimefungwa ndani ya ile kanga.

"Chako," akasema. "Mshipi nimeutia humo humo. Usikandamize kama mimi."

"Mimi nashona nguo, Mwalimu. Sitaki."

"Nimekuuliza kama unataka? Keti. Fungua ile picha yetu ya karafuu."

Nikaketi. Nikaifungua, na kwa vile macho yake hayakuniona vizuri, nilifuta yangu kwa mkono mzima bila kujificha. Akanielekeza pa kugusa kwa kumbukumbu tu. Nikashika kalamu. Macho yakateremka mkononi.

"Kioo," akasema. Sijui alijuaje.

Nikatazama kioo, nikagusa, na ule ukuta mtupu ukanyanyuka. Alikuwepo. Alikuwa amekaa kando yangu, konyo la karafuu mkononi, kinywa wazi, anacheka kwa jambo nililokuwa nikilisema, na jino moja la pembeni halipo. Nikafahamu kwa nini hakutaka kuonekana, nikafahamu pia kwamba miaka yote ile alikuwa kando yangu pale juu ya cherehani.

Nje gari likapiga honi. Mimi siamini mambo ya sahani nyeusi, sijawahi kuyaamini, nimeyaandika haya yote kuyakanusha. Lakini mdomo ulinitangulia.

"Mwalimu, nikikufunua hapa, utarudi?"

Nilijua atanikemea. Akacheka, kicheko kile kile cha pichani, na pengo likaonekana.

"Masharti yake si unayajua?"

"Nije na halua Maskati? Wenyewe wa halua si ndio hao?"

"La halua nakusamehe. La nne sikusamehe."

Binti akaingia, akachukua sanduku, akasema, "Shangazi, twende." Mwalimu hakuinuka. Alikaa na macho yake ya ukungu yamenielekea, ameinamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akimngojea mwanafunzi anayelijua jibu na haoni ujasiri wa kulisema. Honi ikalia tena.

"Rudi, Mwalimu," nikasema.

Akatafuta bega langu kwa mkono, akalipata, akalishika ili ainuke.

"Mtoto wa darasa langu," akasema, "hata sijaondoka."